Kitunguu Saumu cha Ontario Hakitajaza Kichwa Mbulu

Kila mwezi wa Julai, ninapowatumia ndugu zangu wa Mbulu picha za vitunguu saumu nilivyovuna nyuma ya nyumba yangu huku kusini mwa Ontario, Kanada, hunijia ombi lilelile kutoka kwa shangazi, kwa binamu zangu na hata kwa majirani wa shangazi: niwatumie mbegu. Ombi hilo lina maana. Mbulu ni nchi ya vitunguu saumu, na mtu aliyekulia katika nyanda zile za juu za Manyara analijua zao hili tangu utotoni, kwa hiyo akiona kichwa kinachojaza kiganja, chenye punje nne au tano tu, kila moja nene kama kidole gumba, hawezi kuacha kupiga hesabu ya bei yake sokoni Arusha. Kwa muda mrefu nimekuwa nikijibu kwa ufupi kwamba haiwezekani, na jibu fupi halimridhishi mtu anayeamini kwamba ardhi yake ni nzuri. Ardhi ya Mbulu ni nzuri kweli. Kinachozuia ni jua, pamoja na baridi, na ningependa kulieleza jambo hili kwa utaratibu, nikianzia kwenye aina ninazozipanda huku na kuishia kwenye zile ambazo shangazi anazo tayari.

Karibu vitunguu saumu vyote vinavyolimwa duniani vimepoteza uwezo wa kuzaa kwa njia ya ua, kwa hiyo mkulima hupanda punje, na punje hiyo ni kipande cha mmea uleule uliovunwa msimu uliopita. Hakuna mchanganyiko wa baba na mama kama kwenye mahindi au maharage. Aina moja ikishajenga tabia yake katika mahali fulani, tabia hiyo hurithiwa karibu bila kubadilika, mwaka baada ya mwaka, mkono kwa mkono. Asili ya mmea huu ni Asia ya Kati, katika maeneo yanayoizunguka milima ya Tien Shan, ambako kipupwe ni kikali na kiangazi ni kikavu. Kule, mmea ulijifunza kulala wakati wa baridi, kukimbilia majani mara theluji inapoyeyuka, kisha kufungasha chakula chake chini ya ardhi kabla ukame haujafika. Kichwa cha kitunguu saumu ni akiba hiyo, na tofauti kubwa kati ya aina na aina ni namna kila moja inavyotambua kwamba wakati wa kuweka akiba umefika.

Watu wa Amerika Kaskazini kwa muda mrefu walijua aina chache tu. Hali ilibadilika baada ya mwaka 1989, Umoja wa Kisovyeti ulipowaruhusu watafiti wa Marekani kukusanya vitunguu saumu katika jamhuri zake za Asia ya Kati, na aina zilizopatikana huko zikaanza kusambaa kwa wakulima wadogo na watu wa bustani za nyumbani. Leo orodha za wauza mbegu zina mamia ya majina. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba mengi ya majina hayo ni ya mmea mmoja uliopewa jina jipya kila ulipohamia, na kwamba aina zote zinaweza kupangwa katika makundi kumi hivi. Kwa mtu mwenye eneo dogo hili ni jambo la kufurahisha, kwa sababu hana haja ya kukusanya majina mia. Akipanda aina moja kutoka katika kila kundi linalokubali hali ya hewa yake, amekwisha kuonja karibu yote yaliyopo.

Makundi hayo hugawanywa kwanza katika pande mbili. Upande mmoja ni vitunguu vya shingo ngumu, ambavyo huchomoza bua gumu la ua katikati ya kichwa, na punje zake hujipanga kulizunguka bua hilo katika duara moja. Upande wa pili ni vya shingo laini, ambavyo kwa kawaida havitoi bua, shingo yake inaweza kusukwa, na punje zake hujipanga kwa tabaka, kubwa nje na nyembamba ndani. Wengi wa wasomaji wangu walioko Afrika Mashariki wanavijua vya shingo laini, kwa kuwa ndivyo vinavyojaa sokoni, vikiwemo vile vinavyotoka China, nchi inayozalisha karibu robo tatu ya vitunguu saumu vyote duniani.

Katika bustani yangu, tuta kubwa kuliko yote ni la Music, ambayo ni ya kundi la Porcelain. Mkulima aitwaye Al Music aliileta Ontario kutoka Italia katika miaka ya 1980, na tangu hapo imekuwa ndiyo aina inayopandwa zaidi katika jimbo hili. Hii ndiyo inayoonekana kwenye picha zinazowasisimua ndugu zangu. Ngozi yake ya nje ni nyeupe na nene, inang'aa, na ukiichana unakuta punje nne hadi sita zenye ngozi ya rangi ya waridi iliyochanganyika na hudhurungi. Ni kali ikiwa mbichi. Ukiiponda kwenye kinu na kuiacha wazi kwa dakika kama kumi kabla ya kuitia katika sufuria, ukali wake hukomaa, kwa sababu chembe zilizopasuka huruhusu kimeng'enyo kukutana na kiini chenye salfa na kutengeneza alisini, ambayo ndiyo inayotoa harufu na ukali tunaoujua. Ukiitumbukiza moja kwa moja kwenye mafuta ya moto, kimeng'enyo kinakufa kabla hakijamaliza kazi yake, na unabaki na ladha pole. Kwa pilau naiponda na kuisubiri. Kwa mchuzi wa samaki hutosha kuikata vipande.

Jambo moja kuhusu Porcelain halisemwi vya kutosha: ni aina ya gharama kwa mbegu. Kichwa chenye punje tano kinakupa mimea mitano tu, kwa hiyo katika kila vichwa vitano unavyovuna, kimoja lazima kirudi ardhini ili mwakani uwe na shamba la ukubwa uleule. Asilimia ishirini ya mavuno imeondoka kabla hujapika wala kuuza. Aina ndogo yenye punje kumi na mbili kichwani inakuomba chini ya moja ya kumi. Mtu anayetazama picha ya kichwa kikubwa haoni hesabu hiyo.

Ninayoipenda kuliko zote kwa ladha ni Rocambole. Kichwa chake si kizuri kwa macho, kina mabaka ya zambarau iliyofifia na ngozi nyembamba inayopasuka mapema, lakini ukiiweka punje kwenye ubao na kuikandamiza kidogo kwa kidole, ganda linaachia lote kwa mara moja, na punje inatoka safi, ya rangi ya maziwa mazito, bila kunata. Mtu aliyewahi kumenya punje nyembamba za dukani kwa ajili ya biriani ya watu arobaini ataelewa kwa nini naizungumzia kwa heshima. Ladha yake ina utamu chini ya ukali, na inafaa sana kwenye kachumbari, ambako hakuna moto wa kuficha kitu. Udhaifu wake ni kwamba haikai. Kufikia Desemba au Januari punje zinaanza kulegea na kuchipua, kwa hiyo sisi huila kwanza, tukaiacha Music kwa ajili ya miezi ya mbele.

Kundi la Purple Stripe ninalo kwa aina moja, Chesnok Red, iliyotoka kijiji cha Shvelisi nchini Georgia, ile ya Kaukazi. Hii ina michirizi ya zambarau inayopanda kutoka kitako hadi shingoni, iliyo dhahiri hata kabla ya kukauka, na punje nane hadi kumi na mbili zilizopinda kama mwezi mchanga. Ukiioka kichwa kizima, ukakata ncha na kukitia mafuta kidogo, inalainika kabisa na bado inabaki na harufu yake, jambo ambalo aina nyingi haziwezi. Nimeipa nafasi ndogo kwa sababu ya matumizi hayo tu.

Kwa upande wa shingo laini ninapanda Inchelium Red, ya kundi la Artichoke, iliyogunduliwa ikilimwa katika eneo la wenyeji wa Colville, jimbo la Washington, Marekani. Ni pole, ina punje nyingi kwa tabaka, na ndiyo inayotulisha Februari na Machi, vitunguu vingine vikiwa vimeshaanza kuchoka. Kundi la Silverskin hukaa muda mrefu zaidi, hata karibu mwaka mzima, nami nina mistari michache yake, ingawa katika baridi ya huku vichwa vyake hutoka vidogo. Kuna pia kundi liitwalo Creole, lenye punje za rangi nyekundu ya kuvutia, ambalo limezoea Hispania na nchi za joto za Amerika. Hilo silipandi. Halipendi kipupwe cha Ontario, na sioni sababu ya kuulazimisha mmea uishi mahali ambapo hautakuwa na raha.

Kazi ya huku huanza Oktoba, wakati majani ya miti yanageuka rangi na udongo bado unashikika kwa mkono. Naupendelea udongo uliolegea, usiotuamisha maji, wenye kipimo cha uchachu (pH) kati ya 6 na 7, uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri. Samadi mbichi naiepuka kabisa. Vichwa hubanguliwa siku ileile ya kupanda au siku moja kabla, si wiki mbili kabla, kwa sababu punje iliyotengwa na kitako chake huanza kukauka pale mizizi inapotakiwa kutokea. Ukiigeuza punje nzuri utaona kitako kidogo bapa kilicho kizima, kisicho na ufa wala doa la kahawia. Hicho ndicho kinachotoa mizizi, na kikiwa kimeng'oka, punje hiyo naipeleka jikoni. Napanda punje kubwa tu, ncha ikitazama juu, kwa kina cha sentimita tano hadi saba, nikiacha sentimita 15 kati ya mche na mche na zaidi kidogo ya 20 kati ya mstari na mstari. Kina hicho ni kirefu kuliko cha Mbulu, kwa sababu udongo wa huku huganda na kuyeyuka mara kwa mara, na punje iliyo juujuu husukumwa nje. Kisha nafunika tuta zima kwa matandazo ya mabua makavu ya ngano, unene wa kiganja.

Kila mstari una kibao chake chenye jina la aina. Hili nalisisitiza kwa nguvu, kwa sababu majani ya aina zote hufanana mno, na vitunguu vilivyochanganyika vikifika jikoni haiwezekani tena kujua kipi kililiwa kwa sababu kilikuwa kitamu na kipi kililiwa kwa sababu kilikuwa karibu na mkono. Mtu anayepanda aina nyingi bila kuandika anajipunguzia maarifa aliyoyafanyia kazi.

Katika wiki zinazofuata, punje huota mizizi, halafu theluji huanguka na kila kitu husimama. Hapo ndipo jambo la kwanza la maana linapotokea, ingawa halionekani. Vitunguu vya shingo ngumu vinahitaji wiki nyingi za baridi iliyo chini ya nyuzijoto 10 ili mmea upate ruhusa ya kugawanyika baadaye kuwa punje. Usipopata baridi hiyo, unaweza kuota vizuri, ukatoa majani ya kupendeza, na mwishoni ukang'oa kitu cha mviringo kisicho na mgawanyiko, punje moja iliyonenepa. Ontario haina uhaba wa baridi. Machi au Aprili ncha za kijani hutoboa matandazo, na kuanzia hapo mmea hukua kwa kasi ya ajabu. Kila jani linaloongezeka kabla ya Juni ni chakula cha ziada kitakachoshuka kichwani. Kama kuna mbolea ya naitrojeni ya kuongeza, huongezwa wakati huu wa majani, na huachwa kabisa Mei inapokaribia kwisha.

Jambo la pili la maana ni urefu wa mchana. Desemba, mchana wa kusini mwa Ontario una saa tisa hivi. Juni unavuka saa 15. Mmea uliopata baridi husoma ongezeko hilo, na mchana unapokuwa mrefu vya kutosha kwa aina husika, huacha kutengeneza majani na kuanza kujaza kichwa. Aina tofauti zina kiwango tofauti, ndiyo maana baadhi huvunwa mapema na nyingine huchelewa kwa wiki mbili au tatu ingawa zilipandwa siku moja katika tuta moja. Baridi na mwanga hufanya kazi pamoja: punje iliyopata baridi ya kutosha huweza kuridhika na mchana mfupi kidogo, lakini baridi peke yake haiwezi kuchukua nafasi ya mwanga wote.

Katikati ya Juni vya shingo ngumu hutoa mabua ya maua. Bua hutoka wima, kisha hujipinda na kufanya kitanzi, na Rocambole hufanya vitanzi viwili. Nalikata mara tu linapojipinda, kwa sababu mmea ukiachiwa hulipa bua chakula ambacho kingeshuka kichwani, na kichwa hupungua kwa kiasi kinachoonekana. Mabua hayo ni mboga nzuri. Nayakata vipande vifupi nikayakaanga na mchicha, au nikayachanganya na mayai, na watoto huyala bila kubembelezwa. Machache nayaacha makusudi hadi Julai, kwa sababu juu yake hutokea vipunje vidogo ambavyo havijawahi kugusa udongo. Music hutoa vingi vyenye ukubwa wa punje ya mchele. Rocambole hutoa vichache vikubwa zaidi. Vikipandwa, huhitaji miaka miwili hadi minne kufikia kichwa kamili, lakini ni njia ya kupata mbegu isiyobeba magonjwa ya udongo, na ya kuongeza aina ya gharama bila kula akiba ya jikoni.

Mavuno ni kazi inayotaka macho. Kila jani la kitunguu saumu hushuka hadi chini na kuwa ganda moja linalokizunguka kichwa, kwa hiyo kila jani lililokauka juu ni ganda lililooza chini. Majani ya chini yanapokuwa yamekauka na yaliyobaki kijani ni matano au sita, ndio wakati. Ukichelewa, kichwa hupasuka ndani ya udongo na punje huachana; ukiwahi, ganda ni nene lakini punje hazijashiba. Naacha kumwagilia wiki mbili kabla, nachimba kwa uma wa bustani nikiwa mbali kidogo na shingo, na sivuti kwa nguvu. Kisha vinaning'inizwa kivulini, mahali penye upepo, pamoja na majani na mizizi yake, kwa wiki tatu au nne. Baada ya hapo mizizi hukatwa na shingo hufupishwa. Wengi huviweka kwenye friji, na hilo huvifanya vichipue haraka, kwa kuwa baridi ya friji ndiyo ileile inayoiambia punje kwamba kipupwe kimefika. Kapu lililo wazi katika chumba kikavu hutunza vizuri zaidi.

Sasa nirudi Mbulu. Mji huo uko karibu digrii nne kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote katika mwaka haizidi nusu saa. Mwezi wowote utakaopanda, mmea utaona saa 12 za mwanga na ziada kidogo au pungufu kidogo. Vitunguu vya kwetu vimezoea hali hiyo. Vinapandwa masika yanapoelekea ukingoni, vinapitia usiku wa baridi wa Juni na Julai, na hiyo inavitosha kuanza kujaza vichwa. Music, ambayo kwa vizazi imezoea mchana unaorefuka kwa saa sita, ingekaa kwenye tuta la shangazi ikisubiri ishara isiyokuja. Ingetoa majani mengi mazuri, pengine kuliko ya vitunguu vyake, na mwisho wa msimu angechimba akakuta shingo nene na kitako kitupu. Samadi haitabadilisha hilo, wala maji, wala dawa.

Sababu ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Punje hubeba magonjwa. Ugonjwa wa kuoza kweupe, unaosababishwa na ukungu unaoshambulia vitunguu vya kila namna, huacha ardhini vichembe vyeusi vidogo vinavyoweza kuishi miaka 20 na zaidi vikisubiri mzizi wa kitunguu upite karibu, na hustawi zaidi katika udongo wa baridi kama wa nyanda za juu. Wakulima wa Ethiopia wanalijua janga hili. Huku Ontario tumesumbuliwa pia na minyoo midogo ya mashina na vichwa, isiyoonekana kwa macho, ambayo husafiri ndani ya punje inayoonekana nzima kabisa. Virusi navyo hupita kutoka punje hadi punje bila kusafishwa na muda. Mfuko mmoja wa zawadi unaweza kuharibu shamba la mtu ambaye hata hakuuomba, na vitunguu vya kupikia hushambuliwa vilevile. Nikifikiria familia zinazosomesha watoto kwa vitunguu vya Mang'ola, na zile za Mbulu zinazotegemea saumu, siwezi kuthubutu. Ndiyo maana sheria ya Tanzania inadai kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea, chini ya mamlaka iliyoundwa mwaka 2020 kusimamia afya ya mimea na viuatilifu, nami naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote ijapokuwa inanifanya nionekane mchoyo kwa ndugu zangu.

Yeyote anayetafuta aina mpya kwa ajili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki angefanya vyema kutazama mahali penye jua linalofanana na letu kabla ya kutazama Kanada au Ulaya. Kituo cha utafiti cha Debre Zeit nchini Ethiopia kimechagua na kutoa aina zinazofaa nyanda za juu za kitropiki, zikiwemo Tseday na Bishoftu Nech, na njia halali ya kuzileta ni kupitia taasisi za utafiti. Kwa mtu wa bustani ya nyumbani, hata hivyo, kazi yenye faida ya haraka iko karibu zaidi. Shangazi ana vitunguu vya aina mbili katika shamba moja, cheupe na chenye ngozi ya zambarau, na kwa miaka yote vimekuwa vikipandwa vikiwa vimechanganyika, vikivunwa pamoja na kuuzwa pamoja, huku vichwa vikubwa vikienda sokoni na vidogo vikibaki kuwa mbegu.

Hapo ndipo nilipomwomba abadilishe utaratibu. Punje kubwa hutoa kichwa kikubwa kwa sababu ina chakula kingi cha kuanzia, na kichwa kilichodumaa mara nyingi kimedumazwa na virusi, kwa hiyo anayepanda vidogo kila mwaka anajichagulia ugonjwa. Tumekubaliana kwamba wakati wa kuchimba atatenga kwanza vichwa bora vya kila rangi, vilivyo vizima, visivyo na mimea ya jirani yenye majani ya manjano yenye mistari, na hivyo havitauzwa hata bei ikipanda. Kwa kuwa vya kwetu vina punje kumi na zaidi, kutenga kimoja katika kila kumi kunatosha, na katika hicho zitapandwa punje za nje tu, zile nyembamba za katikati zikienda jikoni. Tuta la mbegu litakuwa mahali ambapo vitunguu, saumu wala liki havijapandwa kwa misimu minne angalau. Mahindi au maharage yatashika nafasi katikati. Vichwa vya mbegu vitaning'inizwa mahali penye upepo, si juu ya moshi wa jiko.

Amekubali pia kufanya jaribio dogo: nusu ya mbegu za tuta moja zikae kwenye friji ya jirani kwa wiki kadhaa kabla ya kupandwa, nusu nyingine zipandwe kama kawaida, kila sehemu na kibao chake, tuone kama baridi ya ziada inasaidia vichwa kujaa mapema. Ameanza na cheupe, kwa sababu ndicho kinachomkalia darini muda mrefu zaidi, na cha zambarau kitafuata mwakani kwenye tuta lake chenyewe.